Tusisubiri beringi ilie

Msimu uliopita mashine ya kukoboa kahawa tunayoitegemea hapa Bwera ilisimama siku ya soko. Wenye magunia waliotoka Kasindi walilala Mpondwe kwa gharama zao. Fundi alipofungua alikuta grisi imekauka na kushikana na vumbi la makapi; beringi ilikwama, ikala shafti.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukaguzi hauhitaji digrii. Zima mashine, ondoa mkanda, zungusha shafti kwa mkono: ikikwaruza au kucheza, beringi imechoka. Ikiwa kasha lake linachemka kuliko kawaida, hilo ni onyo. Futa uchafu kabla ya kuongeza grisi, wala usijaze kupita kiasi, kwani grisi nyingi nayo huleta joto.

Uhamishoni nilikosomea, kijiji kizima kilikuwa na mashine moja, na kila wiki ilikaguliwa. Shida ilitufunza kutunza. Je, tumerudi nyumbani ili tusahau?

Wenye mashine Kasese na Bwera waweke daftari la grisi mlangoni. Nasi wenye magunia tuliulize kabla ya kulipa.