Kabla ya kusema “zima hiyo”

Wazazi wenzangu, likizo ya Juni hapa Mafinga ni ya baridi, na watoto hushinda ndani. Mwenye kompyuta nyumbani anaweza kumkuta kijana wake wa sekondari ameandika jina la bibi yake kwa herufi kubwa, zilizoundwa kwa alama ndogondogo na kupakwa rangi za upinde wa mvua. Wengi wetu husema hapo hapo: “Zima hiyo, kasome!”

Kabla hujasema hivyo, muulize anafanyaje.

Anatumia programu mbili za bure za Linux. Figlet, iliyoanza mwaka 1991, hulikuza neno. Lolcat hulitia rangi. Katikati anaweka mstari wima unaopeleka kazi ya ile ya kwanza kwa ya pili, kama ubao unavyotoka kwenye msumeno ukaenda kwenye randa. Hapo amejifunza kugawa kazi, kila chombo na jukumu lake.

Na rangi zile si za kubahatisha. Skrini huchanganya nyekundu, kijani na buluu tu. Programu huhesabu herufi moja baada ya nyingine, na kila rangi hupanda na kushuka kama wimbi. Mawimbi hayo matatu yanapishana kwa nyuzi 120. Ni sine ile ile inayowatoa watoto jasho kwenye hesabu. Hata mama anayesuka vikapu vya milulu huku Iringa huhesabu, ili rangi ije mahali pake.

Mtoto akiona anachokipenda kinadharauliwa, kesho hatakuonyesha kitu, hata kile ambacho wewe mzazi ulipaswa kukiona. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko saa moja ya kuchezea rangi.

Basi panga muda. Masomo na kazi za nyumbani zitangulie. Kisha mpe swali: afanye upinde uwe mpana zaidi, halafu akueleze kwa nini ilimbidi apunguze kasi ya wimbi. Akishindwa kueleza, huenda amenakili tu; mwache ajaribu tena. Huhitaji kujua kompyuta ili kuuliza “kwa nini”.

Akiweza, mwite bibi aje alione jina lake.