Kanzu Haina Kinga

Kiongozi wa dini akija kuomba kura, aulizwe maswali yaleyale anayoulizwa mfanyabiashara au mwanajeshi. Asiyeona sababu na asome habari za Fulbert Youlou, padri Mkatoliki aliyekuwa rais wa kwanza wa Kongo-Brazzaville.

Askofu wake alimkataza siasa. Youlou alipong'ang'ania kugombea ubunge, alizuiwa kuadhimisha misa. Kanzu hakuivua, kwani alijua faida yake. Walari, kabila lake, walikuwa bado wanamlilia André Matsoua, mpinga ukoloni aliyefia gerezani mwaka 1942. Padri wa kwao, tena aliyeadhibiwa na wakubwa, wakampokea kama mrithi wake. Mwaka 1956 akawa meya wa Brazzaville, mwaka 1959 akawa rais, na Agosti 15, 1960 nchi ikapata uhuru.

Imani hiyo ya watu aliitumia vibaya. Damu ilipomwagika Brazzaville Februari 1959 kwa ugomvi wa vyama na makabila, kiongozi wa upinzani, Jacques Opangault, alitiwa ndani. Jimbo la Katanga lilipojitenga na nchi jirani ya Kongo-Léopoldville, Youlou alimkumbatia kiongozi wake, Moïse Tshombe. Vijana wa mjini walikosa kazi huku wakubwa serikalini wakineemeka. Kisha akataka nchi iwe na chama kimoja.

Vyama vya wafanyakazi vikagoma Agosti 13, 1963. Umati ukavamia gereza kuwatoa viongozi wao. Youlou akampigia simu Rais de Gaulle wa Ufaransa amwokoe, asiokolewe. Agosti 15, siku uhuru ulipotimiza miaka mitatu, alijiuzulu.

Tusiutupie lawama upadre peke yake. Aliyemrithi, Alphonse Massamba-Débat, alikuwa mwalimu, na mwaka 1964 utawala wake ukaleta mfumo uleule wa chama kimoja. Tofauti ni kwamba mwalimu hahesabiwi mtakatifu kabla hajaanza kazi. Mwenye kanzu huanza na mtaji huo mkononi, na anayemhoji huonekana anamkosea Mungu.

Hapo ndipo pa kuwa macho. Mgombea wa madhabahuni aseme hadharani nani atakagua hesabu za serikali yake, atawafanya nini wanaompinga, na ataondoka lini. Akijibu kwa mahubiri, anyimwe kura.