Mgeni na Kigango

Wako watu wasemao kwamba urithi usiozaa fedha ni mzigo, na kwamba kila mlango wa mababu hauna budi kufunguliwa maadamu mtalii amelipa kiingilio. Msomaji, usilikubali neno hili kabla ya kulipima. Kipimo changu mimi ni kigango.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu, yenye nakshi za pembetatu, ambayo Wagiriama na baadhi ya jirani zao Wamijikenda humsimamishia mzee wa chama cha Gohu baada ya kufa kwake. Kwao si pambo. Ni makao ya koma ya mzee huyo, na kikisha kusimamishwa hakiondolewi. Watu wakihama, kigango hubaki mahali pake, mvua na mchwa vikifanya kazi yao. Hapo ndipo wachuuzi walipopata kisingizio. Walidai kwamba kimetupwa, wakakiuza kwa watalii na kwa maduka ya vinyago, kikavuka bahari hadi Marekani. Je, kaburi lisilofagiliwa ni mali ya mpita njia?

Mwaka 1985 mtaalamu wa mila kutoka ng'ambo alipiga picha ya vigango viwili vya familia moja karibu na Kaloleni. Haukupita muda mrefu vikaibwa. Kimoja kilionekana baadaye katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, na cha pili katika Chuo Kikuu cha Hampton. Vilirudishwa mwaka 2007, yaani baada ya miaka ishirini na zaidi. Vingine vimerudi tangu hapo, vingi havijarudi. Mwizi, nasikitika kusema, mara nyingi alikuwa kijana wa papo hapo aliyetiwa vijisenti mkononi. Lakini nani huiba nguzo asiyoweza kuiuza? Mnunuzi naye ashitakiwe.

Basi tufunge milango yote? Hasha! Tazama Kaya Kinondo katika Kwale, mojawapo ya misitu ya kaya iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watalii huingia humo, walakini kwa sharti la wazee: hufungwa nguo nyeusi kiunoni, huongozwa na mwenyeji, na hawatoki na kitu chochote cha msitu. Mgeni hapungukiwi heshima kwa hayo, na mwenyeji hupata chake. Tofauti ya Kinondo na Kaloleni si fedha, kwa kuwa fedha ilikuwako kote kuwili. Tofauti ni nani aliyeulizwa kwanza.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 ipo, na ni njema. Walakini sheria hailali makaburini. Wenye maduka ya vinyago na watuambie kila nguzo wauzayo ilitoka wapi. Na mtalii atakaye ukumbusho auziwe kilichochongwa jana kwa ajili ya kuuzwa. Wachongaji wetu wapo, nao wana njaa.