Usitupe vidonge vya kisukari kwa sababu ya unga wa samaki
Msomaji, huenda ukaambiwa kwamba mabaki ya samaki hutibu kisukari. Katika Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, wataalamu wamevunja protini ya samaki aina ya salmoni kuwa vipande vidogo viitwavyo peptidi. Umeme huvivuta kupitia utando wenye matundu madogo mno: vyenye chaji chanya huenda upande mmoja, vyenye chaji hasi upande mwingine. Baadhi vilisaidia chembechembe za misuli kufyonza sukari. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini chembechembe hizo zilikuzwa maabarani. Mwili wa binadamu ni jambo jingine. Sukari ikipanda huharibu macho na figo bila kupiga hodi. Kabla ya kuacha vidonge au insulini, muone daktari wako.