Mauti Ugenini: Tuyazungumze Mapema



Katika nyumba zetu za pwani, mzee akianza kueleza nani amuuguze atakapozidiwa, au nani amlelee wanawe, hunyamazishwa upesi: "Usijitie uchuro!" Neno hilo hutoka kwa mapenzi, lakini swali lililozimwa leo ndilo liletalo ugomvi siku ya msiba. Wiki hii twawakumbuka hasa jamaa zetu waliotoka kwenda Turkana kwa kazi na biashara, katika miji ya Lodwar na Kakuma.

Kutoka Mombasa hadi Lodwar ni zaidi ya kilomita 1,000, na Kakuma iko mbele yake kwa kiasi cha kilomita 120. Jamaa akifariki huko, fikira ya kwanza ya walio nyumbani huwa ni gari la kumleta. Lakini sharia yatuhimiza kuharakisha mazishi. Imamu Nawawi, katika Minhaj, kitabu kitegemewacho katika madhehebu ya Shafi yafuatwayo na wengi wetu, ameeleza kuwa kumhamishia maiti mji mwingine ni haramu, akataja na kauli isemayo ni makuruhu, ila akiwa karibu na Makka, Madina au Baitul-Maqdis. Basi afiaye Lodwar, kaburi lake na liwe Lodwar.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Safari ya kurudi nyumbani ni ya mgonjwa angali hai. Atamaniye kumaliza siku zake ubavuni mwa mamake, Lamu au Malindi, hana budi kulisema angali na nguvu za kuihimili njia, na jamaa wamuulize daktari waziwazi: je, maradhi haya yana tiba, au tumebakiwa na kumtunza tu?

Kumtunza nako ni kazi kubwa. Mgonjwa asiye na tumaini la kupona ana haki ya kupunguziwa maumivu, kuoshwa, kusikilizwa na kukumbushwa shahada kwa upole. Ng'ambo ya mpaka wa Turkana, nchini Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha mwaka 1993 huduma ya kuwatunza wagonjwa wa namna hiyo, na mofini ya maji ikawa ikiwafikia hata majumbani mwao. Dawa hiyo, ikitolewa kwa kipimo cha mtaalamu, humwezesha mtu kulala na kuswali. Ulizeni hospitalini mapema kama yapatikana hapo mlipo.

Kwa Waislamu walio katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, suala lina sura nyingine. Wengi wao hawana mji wa kurudi, na kutoka kambini kwahitaji kibali. Kwao mazungumzo ni haya: jirani yupi ataniosha na kunikafini, nani atawapasha habari ndugu waliotawanyika, na watoto watakaa kwa nani?

Wanaoogopa uchuro na wamkumbuke Saad bin Abi Waqqas, radhi za Allah zimfikie. Aliugua sana Makka, akachelea kufia katika mji aliouhama. Akamuuliza Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kuhusu kuusia mali yake. Akaruhusiwa thuluthi, na akaambiwa kuwa hata hiyo ni nyingi. Je, mazungumzo hayo yalimuua? Alipona, akaishi miaka mingi, akaongoza jeshi la Waislamu huko Qadisiyya.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya Ijumaa ijayo mpigie simu jamaa yako aliye mbali. Muulize akizidiwa angependa auguzwe wapi, na nani aamue pamoja na daktari atakaposhindwa kusema. Muulize madeni na amana zimeandikwa wapi, kwani urithi haugawanywi kabla ya deni na wasia kutekelezwa. Naye ayaandike mbele ya mashahidi wawili waadilifu, na nakala moja ikae kwa mtu wa huko huko aliko. Nawe mweleze ya kwako, asije akadhani umemwona yu karibu na kaburi.

Allah atujaalie mwisho mwema, sisi na wasafiri wetu. Amin.