Ubao wa Jack, Iguguno wameshaumaliza

Jamani, kuna ubishi mmoja duniani niliodhani hauna mwisho. Wa Simba na Yanga tuuache ulivyo, huo ni wa kurithi. Nasema ule wa ubao wa Jack.

Titanic mmeiona? Swali la kijinga, najua. Basi mnakumbuka mwisho wake: meli imezama, Rose kajilaza juu ya ubao, Jack yuko majini anatetemeka mpaka baridi inamuua. Tangu filamu ile itoke mwaka 1997 watu hawajaacha kuulizana, hivi pale ubaoni kweli hapakuwa na nafasi ya wawili?

Mitandaoni watu wamechora mpaka michoro. Mwaka 2012 wale jamaa wa kipindi cha MythBusters cha Marekani waliingia majini kujaribu wenyewe. Mwaka 2023 James Cameron, aliyeiongoza filamu hiyo, akaonekana kwenye kipindi cha National Geographic akiwaloweka watu wawili kwenye maji ya baridi pamoja na ubao wao, ili tu kelele ziishe. Miaka 25 baadaye! Mtu mzima na heshima zake!

Mimi nimeshuhudia ubishi huo ukimalizwa kwa dakika tano tu, Iguguno, ndani ya kibanda umiza.

Kwa msiopafahamu, Iguguno iko mkoani Singida, wilaya ya Mkalama (ile iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012), kwenye lami ya Singida kwenda Nzega. Ukitoka Dar kwenda Mwanza kwa basi unapita hapo, na kama ilivyo kawaida yetu unapita umelala. Mimi nilishuka kwa sababu gazeti lilinituma Nduguti kufuatilia habari za alizeti, na nilihitaji gari la kuniingiza ndani. Gari lilikuwepo, konda alikuwepo, abiria ndio hawakuwepo.

"Bado watu sita tu kaka, tunaondoka sasa hivi."

Wenye uzoefu mnajua "sasa hivi" ya konda ina urefu gani. Na upepo wa Singida haukuachi ukae nje kwa raha, mchanga unaingia mpaka kwenye meno. Nikiwa najikinga nyuma ya kibanda cha mabati, nikasikia sauti nzito ikitoka ndani: "Hapo sasa bwana Jack kaingia kwenye meli kwa tiketi ya kamari, mfukoni hana hata mia!" Nikatoa shilingi mia tano, nikaingia.

Mle ndani ni mabenchi ya mbao, magunia dirishani kuzuia mwanga, luninga bapa na spika mbili kubwa kuliko chumba chenyewe. Kulikuwa na vijana wa bodaboda, mama mmoja na mtoto mgongoni, na mzee mmoja aliyekuwa na tenga la kuku katikati ya miguu. Kuku nao wanaangalia. Kwenye luninga ni Titanic, ile ya kutafsiriwa.

Muvi za kutafsiriwa mnazijua. Jamaa anakaa na maikrofoni, anapunguza sauti ya filamu, halafu anasema maneno ya kila mtu kwa Kiswahili, wa kike kwa wa kiume, na juu yake anaongeza ya kwake. Kwa Dar es Salaam aliyevuma sana ni Derek Mukandala, yaani Lufufu mwenyewe, kisha wakaja akina DJ Mark. Kenya wana DJ Afro. Uganda wanawaita VJ, na huko VJ Jingo ni jina kubwa.

Na sisi tuliokwenda chuo tunazicheka. Nami nilikuwa mmojawapo, tena wa mstari wa mbele. Pale bwenini tulikuwa tukimwigiza DJ mpaka machozi yanatutoka. Mtu ukionekana unaangalia muvi ya kutafsiriwa, sifa yako imekwisha. Inabidi ujifanye unaelewa Kiingereza cha Wamarekani kinavyokwenda mbio, ucheke wakicheka wao.

Basi nikaketi tayari kwa kucheka, na kwa dakika za mwanzo nilicheka kweli. New York ikaitwa "Marekani kwa akina Michael Jackson", mwaka 1912 huo! Ilipofika pale Jack anapomchora Rose, mtafsiri akatangaza, "Watoto wafumbe macho, wakubwa wafumbe moja." Teh teh teh. Yule mama akamfunika mwanawe uso kwa kanga.

Lakini kabla ya hapo ilikuja sehemu ambayo mama yake Rose anamkaza bintiye mshipi wa kiunoni huku wanazungumza. Mimi Titanic nimeiona kwa Kiingereza mara tatu, na siku zote niliichukulia kama sehemu ya mavazi. Mtafsiri akapunguza mbio, akasema: baba wa huyu binti alikufa akaacha madeni, familia imebaki na jina tu, ndiyo maana mama anamlazimisha aolewe na yule tajiri. "Anauzwa huyu, ndugu zangu. Mwenye mahari keshalipia." Kibanda chote kikaguna. Yule mama akasema, "Ndiyo hivyohivyo."

Nikatulia kwenye benchi kama niliyemwagiwa maji. Maneno hayo yamo kabisa kwenye filamu. Mimi mwenye shahada nilikuwa sijayasikia. Miaka yote nilidhani Rose anampenda Jack kwa sababu ana sura nzuri na nywele za kuanguka usoni.

Ikafuata milango ya chini kufungwa. Mtafsiri hakuhitaji maneno mengi: "Hawa ni daraja la tatu." Sisi tuna reli ya kati, daraja la tatu hatuhitaji kuelezwa. Akataja pia kwamba boti za kuokolea watu zilikuwa 20, na meli ilibeba watu zaidi ya 2,200. Hesabu hiyo nimekwenda kuihakiki baadaye, ni kweli. Waliokufa walikuwa kama 1,500.

Na meli ilipoanza kusimama wima, sauti yake ikabadilika. Akasema sisi nasi tunalo jeraha letu, tuwakumbuke ndugu zetu wa MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na Mwanza. Akanyamaza, akaiacha filamu iende yenyewe. Mle ndani kukawa kimya, spika tu zinanguruma. Yule mzee mwenye tenga akasema taratibu kwamba alikuwa na mdogo wake humo. Hakumwambia mtu. Alisema tu.

Sasa huyo mtafsiri alirekodi lini, akiwa wapi, hata mwenye kibanda hajui. Filamu aliinunua ikiwa kwenye flashi. Ila alijua anaongea na nani.

Ndipo tukafika ubaoni. Mtafsiri kaanza fujo zake tena: "Mwangalieni dada kajitandaza utadhani yuko kwenye sita kwa sita!" Benchi la bodaboda likalipuka. Mmoja akasema Jack ni mzembe, angepanda upande wa pili wakagawana uzito. Mwingine akasema ubao ungepinduka, hukuona alivyojaribu mara ya kwanza? Wa tatu, aliyekuwa kimya muda wote, akatoa dawa: "Pale tatizo ni kuelea. Ungefunga madumu matupu ya mafuta ya alizeti chini ya ubao, wangekaa hata watatu."

Wasomaji wangu, naapa sikumfundisha. Wale wa MythBusters, pamoja na mitambo yao, jibu lao lilikuwa la ukoo huohuo: chukueni jaketi la Rose la kuokolea, lifungeni chini ya ubao. Singida wametumia dumu, basi.

Yule mama ndiye aliyefunga mjadala. "Na angepona? Wangefika huko hawana nyumba, hawana kazi, wangegombana kwa njaa. Afadhali amekufa akiwa anapendwa." Cameron mwenyewe miaka yote amekuwa akisema hadithi ilimtaka Jack afe. Kuanzia leo nikisikia mtu anabishana habari ya ubao namwelekeza Iguguno.

Sasa nije kwenye hoja yangu.

Mwaka 2011 TBC walionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa mpaka Rais Xi Jinping akaitaja kwenye hotuba yake jijini Dar es Salaam, Machi 2013. Baadaye Azam TV wakatuletea Sultan wa Waturuki akizungumza Kiswahili, na nyumba nyingi za mjini chakula cha usiku kikawa kinasubiri iishe. Hapo hatukusikia mtu akisema ni ushamba. Uganda nako, filamu ya Isaac Nabwana ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imechekwa na kupendwa dunia nzima mtandaoni, na nusu ya utamu wake ni VJ Emmie anayepiga kelele juu ya picha. Wajapani walikuwa na watu wa kazi hii enzi za filamu zisizo na sauti, wakiitwa benshi, na walikuwa na majina makubwa. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo kazi ni ileile. Ikifanyika kwenye kituo cha televisheni tunaiita sanaa. Ikifanyika kwa ajili ya mzee mwenye tenga la kuku tunaiita uhuni.

Najua mtanijibu kuhusu hakimiliki, na mko sahihi. Sheria tunayo tangu mwaka 1999, na sidhani kama Cameron alipata hata senti ya mia tano yangu. Sitetei wizi. Ninachosema ni kwamba wenye filamu na wenye vituo wakitaka watu halali wa kufanya kazi hii, wasianzie kwa wanaojua Kiingereza vizuri. Waanzie kwa hawa wanaojua watu. Wawape mikataba, wawalipe, na majina yao yaandikwe. Tangu UNESCO iipe lugha yetu siku yake, Julai 7, kila mwaka tunaisherehekea kwa hotuba ndefu. Mle kibandani hapakuwa na hotuba, Kiswahili kilikuwa kazini.

Na wengine walio sahihi ni wale wanaosema ma-DJ wanapotosha. Kweli, Michael Jackson mwaka 1912 ni upotoshaji. Lakini niambieni, nani alipotoka zaidi: waliosikia habari ya Michael Jackson wakacheka, au mimi niliyeiona filamu mara tatu nisijue kwamba Rose alikuwa anauzwa?

Gari la Nduguti lilijaa filamu ilipokaribia kuisha; konda alikuja kuniita mlangoni kabisa. Nilifanya kazi yangu ya alizeti, na usiku nikaketi kuandika. Aya ya kwanza ilianza na "wadau wa mnyororo wa thamani wa zao hilo". Nikaitazama. Nikamfikiria yule mzee akiisoma, tenga likiwa miguuni.

Nikaifuta, nikaanza upya na bei ya dumu la mafuta.