Mapumziko Yenye Mpango Si Uvivu

Wanafunzi wenzangu, liko jambo moja ambalo napenda tulifikiri pamoja. Kila muhula unapoanza, wengi wetu hujiwekea azimio: huyu atakimbia kila alfajiri mpaka siku ya UMISSETA, yule hataonja andazi wala soda mpaka apungue unene. Wiki za kwanza wote ni hodari. Hata ikifika wiki ya sita, mmoja anachechemea, wa pili anasinzia darasani, na wa tatu, kwa kuwa alikula maandazi siku moja, ameona azimio limevunjika, basi ameacha yote. Wengine husema hao ni wadhaifu wa moyo. Mimi naona kasoro ni mpango wenyewe, maana haukuwa na siku ya kupumzika.

Wazee walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Tukifanya mazoezi makali, misuli hupata michubuko midogo midogo, nayo hujengwa upya na kuongezeka nguvu wakati tunapokula na kulala. Asiyepumzika hubomoa kila siku bila kujenga.

Mtazameni Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu. Mwezi wa Aprili 2025 alikuwa wa pili katika mbio ndefu za Boston, na mwezi wa Septemba akawa bingwa wa dunia kule Tokyo, akimshinda Mjerumani kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Kati ya mbio hizo mbili ilipita karibu miezi 5. Mkimbiaji wa kilomita 42 hashindani kila mwezi.

Tena tutazame hapa kwetu pwani. Mkabala wa delta ya Rufiji iko Mafia, na kusini iko Songosongo. Huko wavuvi wamejifunza kufunga baadhi ya miamba ya pweza kwa miezi michache. Hawakuacha uvuvi, ila wameupangia likizo, na siku ya kufungua yajulikana. Siku hiyo pweza huwa wakubwa zaidi.

Najua wako watakaosema kwamba mwanafunzi akipewa siku moja atachukua kumi. Hofu hiyo ina haki. Lakini mwenye kupumzika kwa mpango hujua tangu mapema siku atakayorudi, na mvivu hana siku hiyo.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, viongozi wetu wa michezo wapange kwamba baada ya wiki 3 za mazoezi makali, ya 4 iwe nyepesi, na kila Jumapili miguu ipumzike. Pili, mwezi wa Ramadhani waliofunga wapunguziwe mbio, maana jua la Kibiti halina huruma. Tatu, wanaojinyima wakumbuke kwamba sisi bado tunakua, wasiruke mlo. Siku ya Idi au ya harusi, huko nyumbani Bungu au Nyamisati, mtu ale wali wa nazi na samaki pamoja na jamaa zake bila kuhesabu matonge, na kesho yake arudie utaratibu wake. Nanyi wazazi, mkimwona hivyo msimcheke.

Wanamichezo wana mashindano, nasi wa kidato cha nne tuna mtihani mwezi wa Novemba. Yafaa sote tufike siku hizo tukiwa wazima.